Dafu Amepata Kwao

Mzee alifunga geti la mabati kwanza, akasukuma komeo, akalitikisa kuhakikisha limeshika. Ndipo akainama, akafungua kamba shingoni mwa Dafu, akanirudishia.

"Rudi nayo hii, mwanangu. Itakufaa kwa mwingine."

Nilikuwa nimekwenda Visiga, huko Kibaha, na karatasi ya maelekezo iliyojaa pande zote mbili: anakula saa ngapi, dawa ya kupe anapakwa lini, radi zikipiga anajificha wapi, mgeni asimpitishie mkono juu ya kichwa. Nilikuwa nimeirudia usiku kucha nisisahau kitu. Lakini sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba nitaondoka pale nimeshika kamba isiyo na mbwa.

Dafu alisimama katikati ya uwanja. Alinitazama, akamtazama mzee, akaenda kunusa shina la mkorosho.

Tukirudi Kimara, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, hakuwasha redio njia nzima. Namshukuru mpaka leo.

Jioni ile niliweka picha kwenye kikundi chetu cha watu wanaolea mbwa waliookotwa, na pongezi zikamiminika. Kisha rafiki yangu mmoja akanitumia ujumbe wa sauti, pembeni: "Kwa hiyo baada ya yote yale, Dafu umempeleka shamba akalinde kuku?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyenisaidia kumbeba siku ya kwanza.

Ujumbe ule nimekaa nao wiki nyingi. Naupiga nikiwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, naupiga nikiwa naosha vyombo. Nilimjibu kifupi siku ile. Leo nataka kumjibu vizuri.

## Chini ya mkokoteni

Mliowahi kulea mbwa wa mtaani mnajua mwanzo ulivyo, kwa hiyo sitachelewa hapo. Alikuwa amelala chini ya mkokoteni wa madafu kando ya barabara ya Morogoro, na kijana muuzaji alikuwa akimwekea maji kwenye kifuu. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa zimepauka kabisa. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni homa ya kupe: vidonge vya doxycycline kwa siku 28, na tusikatishe hata akianza kurukaruka. Vidonge vilipita ndani ya vipande vya maini.

Kupe niliwatoa mwenyewe. Wale wakubwa wa kijivu, waliovimba damu, unawaona tu masikioni na shingoni. Kazi iko kwa wale wadogo wa kahawia wanaojificha katikati ya vidole. Unapanua vidole viwili, unawasha tochi ya simu, unamshika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unavuta taratibu na moja kwa moja bila kumminya, unamtumbukiza kwenye chupa ya spiriti. Kisha unapanua vidole vingine. Usiku wa pili wa kazi hiyo, nilipomaliza mguu wa kulia, Dafu aliuvuta, akaninyooshea wa kushoto.

Hakuna aliyemfundisha. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumshika kwa upole kabla ya hapo.

Hapo ndipo nilipompenda, na sitii chumvi.

## Mlango

Alipopata nguvu, tukagundua jambo jingine. Dafu hawezi kuachwa peke yake.

Simaanishi kwamba hapendi. Hawezi. Siku ya kwanza nilipomfungia ndani nikaenda kazini, nilirudi nikakuta mlango umechimbwa kwa chini, mbao zimebanduka, na damu ya kucha zake kwenye sakafu. Chakula chote kilikuwa kwenye bakuli, hakukigusa. Majirani walisema alilia tangu asubuhi. Wanaofundisha mbwa wana njia zao: unatoka dakika moja unarudi, unatoka mbili unarudi, unaongeza polepole mpaka mbwa aamini kwamba anayeondoka hurudi. Nilifanya hivyo kila jioni. Yalisaidia kidogo. Lakini mimi naondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi taa zimewashwa, na dakika ishirini za jioni haziwezi kushindana na saa kumi na mbili za mchana.

Kilichotuokoa ni jirani yangu fundi cherehani. Anashonea barazani, na siku moja aliniambia, "Niachie, dada, atalala hapa chini ya meza yangu." Nikamwachia huku moyo ukinidunda. Mchana nikapiga simu. Fundi akanijibu kwamba mbwa amelala tangu nilipoondoka, ameamka mara moja kunywa maji.

Furaha niliyopata ilikuwa na mwiba ndani yake. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Dafu ananililia mimi. Kumbe alikuwa analilia mtu: miguu ya mtu karibu, sauti ya mtu akiongea na wateja, cherehani likikatika na kuanza tena. Mtu yeyote mwema aliyekaa mahali pamoja angemtosha.

Hilo ndilo lililoamua kila kitu baadaye, ingawa siku ile sikulijua.

## "Sasa mbona usibaki naye?"

Nimeulizwa swali hili na kila mtu, kuanzia kijana wa madafu hadi daktari. Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa lawama. Jibu langu lina sehemu mbili, na moja ni rahisi zaidi kuisema kuliko nyingine.

Iliyo rahisi: nimepanga. Mwenye nyumba alikubali mbwa kwa muda na akaniambia waziwazi kwamba muda una mwisho. Fundi naye alikuwa mbioni kuhamishia cherehani lake sokoni, na sokoni mbwa hakai. Zaidi ya hapo, mlezi wa muda akibaki na kila anayempenda, nafasi yake inajaa, na anayeokotwa wiki ijayo hana pa kwenda.

Iliyo ngumu ni kwamba hata kama mwenye nyumba angeniruhusu daima, maisha yangu hayakumfaa Dafu. Ningeweza kumpa chakula, chanjo, na mapenzi ya kila usiku. Mchana wake ningeujaza nini? Nilikuwa nampenda mbwa ambaye shida yake kubwa ni kutokuwepo kwangu, na kutokuwepo ndiko kulikonilipia kodi.

Nilichelewa kulikubali hilo. Nilitafuta mtu wa kukaa naye mchana, nikapiga hesabu ya mshahara wangu upya, nikaomba kazini nifanyie nyumbani siku mbili kwa wiki nikakataliwa. Baada ya hapo ndipo nilipoandika tangazo.

## Familia mbili

Waliojitokeza kwa dhati walikuwa wawili.

Wa kwanza ni mke na mume wa Mbezi Beach. Nataka nieleweke: ni watu wema, na kama ningekuwa na mbwa mwingine ningewapa bila kusita. Nyumba yao ina ukuta na kivuli. Walikuwa wameshanunua godoro dogo la mbwa na mfuko mkubwa wa chakula cha dukani. Walisema atalala ndani, sebuleni. Watoto wao wawili walikaa chini sakafuni wakamsubiri Dafu awafuate mwenyewe, bila kumkimbilia, na hiyo ilinionyesha kwamba wamelelewa vizuri. Kwenye fomu ya kikundi chetu walipata alama zote.

Nikawauliza: mchana nani yupo?

Wote wanafanya kazi mjini. Watoto wako shule mpaka jioni. Dada wa kazi anakuja, anafua, anapika, na anaogopa mbwa, kwa hiyo saa hizo Dafu angefungiwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. "Atazoea tu," alisema yule baba, na alisema kwa nia njema.

Wa pili alikuwa mzee wa Visiga aliyestaafu kazi ya reli, anayeishi na mkewe na mjukuu wa darasa la nne. Nyumba ya matofali ya kuchoma, uwanja wa mchanga, mikorosho minne mitano, shamba la muhogo, banda la kuku. Uzio ni waya na michongoma. Nilipomuuliza mbwa atalala wapi, alinionyesha barazani, kwenye kona isiyofikwa na mvua, juu ya gunia.

Kwenye fomu yetu, mbwa kulala nje ni alama ya kukosa. Tuliiweka kwa sababu tunazijua nyumba zetu: mbwa anafungwa mnyororo mchana kutwa juani, anafunguliwa usiku abweke, anatupiwa makoko ya ugali, akizeeka anafukuzwa. Tumewatoa wengi kwenye minyororo ya namna hiyo. Kwa hiyo wenzangu kwenye kikundi walipoona neno "nje" na neno "kuku", waliuliza kwa nini bado najadili.

Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza.

Nilirudi kwenye kile kinachoitwa uhuru wa aina tano, ambacho wote tunaofanya kazi hii tumefundishwa. Wazo lake lilianzia Uingereza kwenye ripoti ya mwaka 1965 kuhusu wanyama wa kufugwa: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, asiishi kwa hofu, na aweze kuishi kwa kufuata maumbile yake. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nilizisoma zile aina tano taratibu, moja baada ya nyingine, nikiwa na nyumba mbili kichwani. Godoro halimo. Hofu imo. Na Dafu akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa ni mbwa anayeishi kwa hofu, hata chakula chake kitoke duka gani.

## Kadi ya chanjo

Hata hivyo sikumpa mzee jibu siku ile. Nilikuwa na swali moja la kufunga mazungumzo, na nilitegemea lingenipa sababu ya kukataa.

"Shikamoo tena, mzee, samahani kwa maswali mengi. Mbwa wako wa zamani alichanjwa?"

Hakujibu. Aliingia ndani, nikamsikia akimwambia mkewe alete boksi. Mama akatoka na boksi la bati, akaliweka kwenye mkeka, akaanza kupanga vitu pembeni: hati ya kiwanja kwenye nailoni, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, cheti cha ndoa. Chini kabisa akatoa kadi ya chanjo ya mbwa. Imekunjwa mara moja, kingo zimelainika. Mwaka baada ya mwaka, muhuri na saini ya afisa mifugo. Mihuri ilijaza upande wa kwanza ikahamia wa pili, ikaishia katikati.

"Hapo ndipo alipokufa," mama alisema, akaweka kidole chini ya muhuri wa mwisho. "Uzee. Alilala tu."

Kuna sababu nimesimama sana kwenye kadi hii. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Karibu wote wanaokufa duniani kwa ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa waathirika. Ukiumwa unatakiwa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi hospitali kwa sindano, ambazo kwa familia nyingi za vijijini bei yake na nauli ya kuzifuata ni mtihani. Kinga ya uhakika iko kwa mbwa wenyewe: wakichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tunahimizana kwa mabango kuhusu hilo.

Mabango yale nimeyashika mimi mwenyewe. Na hapa mbele yangu palikuwa na familia iliyokuwa ikimpeleka mbwa wake kuchanjwa kila mwaka bila bango wala picha, ikaiweka kadi yake pamoja na hati ya kiwanja, na hata alipokufa haikuitupa.

Ni kadi ile iliyonifanya niseme, "Nitamleta Jumapili mkaonane."

## Kuku

Dafu aliposhuka kwenye kirikuu Jumapili ile, mkia ulikuwa chini ya tumbo. Mzee hakumwita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkorosho anamenya muhogo, akaendelea kumenya. Mama alinikaribisha chai, mjukuu akaambiwa akae mbali kidogo. Dafu alizunguka uwanja mzima, akarudi kwangu, akazunguka tena.

Kisha akawaona kuku.

Nilimwona alivyoganda. Mguu mmoja juu, masikio mbele, mgongo umenyooka. Nikaikaza kamba. Mzee akaniashiria kwa kiganja niiachie ilegee, akaokota fimbo yake, na hapo moyo ulinishuka kwa sababu nilijua fimbo hutumika kufanya nini kwa mbwa wa kwetu. Aliilaza kwenye mchanga, kati ya mbwa na kuku.

"Hapana, mama," alimwambia Dafu, kwa sauti ya kumwambia mtoto asiguse sufuria ya moto. "Hao ni wenzio."

Dafu alinusa fimbo. Akamnusa mzee mkono, ule uliokuwa na utomvu wa muhogo. Mzee akarudi kwenye kigoda chake na kisu chake. Baada ya muda Dafu akajilaza hatua mbili kutoka miguuni pake, kidevu juu ya mchanga, macho kwa kuku lakini mwili umelegea. Mzee aliponyanyuka kwenda kuchota maji, naye akanyanyuka. Mzee aliporudi, naye akarudi. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, kikombe kimepoa mkononi, na hakugeuka kunitazama.

Iliniuma. Na katika kuniuma huko nilijua kwamba utafutaji umekwisha.

## Mama yangu Tanga

Nilimpigia mama. Kwetu mbwa hakuingia ndani kamwe. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichoramba kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Nilipoanza kulea mbwa nilitegemea mama atanigombeza, na alichofanya ni kuniuliza nina mkeka wa peke yake wa kuswalia na nguo za peke yake za kushikia mbwa. Nikasema ninavyo. Akasema basi. Tangu hapo, kila simu, kabla hajauliza habari zangu anauliza, "Yule kiumbe amekula?" Ameniletea dagaa wa Tanga mara kadhaa, na mfuko mmoja siku zote umeandikwa "wa mbwa". Hajawahi kumgusa Dafu. Amewahi kunikumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyemchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, na Mungu akamsamehe.

Nilimweleza shida yangu: nyumba ya kwanza atalala sebuleni, nyumba ya pili atalala barazani, na watu wanasema barazani ni kumdharau.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimesahau Surat al-Kahf, ile sura ya Qur'ani yenye habari za vijana waliolala pangoni.

Vijana wa pangoni walikuwa na mbwa. Alilala amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na kila wanapohesabiwa, watatu, watano, saba, yeye anahesabiwa pamoja nao. "Alikuwa mlangoni," mama alisema, "na alikuwa wao."

Sikuwa na la kuongeza.

## Kwa rafiki yangu

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, ndugu yangu, na samahani limechelewa.

Ndiyo, nimempeleka shamba. Ndiyo, anakaa na kuku. Nyumba nzuri ya mbwa niliyokuwa nayo kichwani nilikuwa nimeiona kwenye video za watu wa mbali, yenye sofa na blanketi na mbwa amevalishwa sweta, na kwa muda mrefu nilikuwa napima kila familia kwa picha ile. Dafu hakuwahi kuiona picha hiyo. Yeye alikuwa ananiambia anachotaka tangu siku ile ya mlango, kwa kucha zake.

Hofu yako naielewa, na sitaki tuipuuze. Kesho akija mtu mwingine na shamba na kuku, siwezi kusema kwa sababu Visiga palifaa basi na kwake panafaa. Mnyororo bado upo kwenye nyumba nyingi. Nitaendelea kuuliza maswali ya kuudhi, nitaendelea kwenda bila kutoa taarifa, na huyu mzee pia nilimwambia mapema kwamba nitakuja bila taarifa. Alinijibu nije na sukari.

Nilikwenda. Wanaookoa mbwa husema siku 3 za kwanza mbwa hushangaa, wiki 3 huanza kuzoea, miezi 3 hujua ni kwake. Dafu alikuwa bado hajafika huko mwisho. Alinikimbilia getini akalia kwa furaha, akanizunguka, akaninyooshea mguu. Nikamkagua vidole: kupe mmoja tu, mdogo. Mke wa mzee akaniambia wanamkagua kila Ijumaa, mjukuu ndiye anayeshika tochi. Usiku wa kwanza Dafu alilia, akasema mama huyo, na mzee akatoa mkeka akalala naye barazani. Wa pili vilevile. Wa tatu mbwa akalala, mzee akarudi ndani.

Nilipoaga, Dafu alinisindikiza hadi getini. Mzee akapiga mluzi kutoka bandani na yeye akageuka, akaenda.

Kwenye kikundi tumeanza kubadilisha fomu. Swali la "atalala wapi" bado lipo, lakini limeshuka chini. La kwanza sasa ni: saa nne asubuhi, siku ya kazi, nani yupo nyumbani? Wawili kati yetu hawajaridhika, wanasema tunafungua mlango kwa watu wa minyororo, na mjadala unaendelea. Nadhani tutaongeza sharti la kadi ya chanjo.

Juzi mzee alinipigia. Chanjo ya Dafu ameshaiandika kwenye kalenda, na afisa mifugo wa kata ameahidi kupita. Halafu akaniambia jirani yake wa upande wa pili wa barabara amemwona Dafu, naye anataka mbwa, dume kama yupo. Nikamuuliza huyo jirani anashinda wapi mchana.

"Ana duka hapohapo kwake," mzee alisema. "Lakini njoo uone mwenyewe."

Jumapili nitakwenda.